Kompyuta imefufuliwa, programu zinagoma kuingia: je, shemeji kaniibia RAM?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mkazi wa Mikindani, mkoani Mtwara. Kazi yangu ni video: harusi, unyago, maulidi, mahafali, hata mikutano ya chama cha msingi pale viongozi wanapotaka kumbukumbu. Nakuandikia kuhusu kompyuta, ingawa jambo lenyewe limeshatoka kwenye kompyuta limeingia jikoni kwangu.

Mashine yangu ya mezani, ile ninayoikalia usiku kuunganisha video, iliungua mwezi uliopita. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, uliporudi mara ya pili nikasikia mlio na harufu ya kuungua. Kaka wa mke wangu ni fundi kompyuta, ana meza yake mjini Mtwara. Nikampelekea. Akaniambia mazabodi (ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote) na pawa saplai vimekwenda, diski ni nzima. Tukakubaliana aijenge upya ndani ya kasha lile lile: mazabodi na prosesa ya Core i5 za mtumba, zile zinazotoka maofisini, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 kwa vipande viwili vya nne nne, na SSD, yaani diski ya kasi, mpya ya GB 240 ya kukaa Windows. Diski yangu ya zamani, yenye kazi zote za wateja, akaiacha kama diski ya pili. Akapiga Windows 10. Pesa nilimlipa yote palepale, sikutaka maneno ya ushemeji baadaye.

Nyumbani ikawaka haraka, nikafurahi. Furaha ikaisha nilipoanza kuweka programu zangu.

Programu ya kuhariri video ninayoitumia siku zote imegoma. Flashi ni ile ile niliyoitumia kwenye mashine ya zamani, lakini sasa inaniambia haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii, nitafute toleo linalofaa kwa aliyeitengeneza. Nimezima na kuwasha, nimebofya kulia nikachagua iendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi, nimeipakua upya mpaka bando likaisha. Jibu ni lile lile.

Ya pili ni programu ya kadi na maandishi ya juu ya video, ile inayojipakua yenyewe wakati wa kuiweka. Inazunguka weee, halafu inasema imeshindwa kuifikia seva. Intaneti ipo, natumia ya simu, na simuni kila kitu kinafunguka. Kivinjari cha kompyuta nacho kinalalamika karibu kila tovuti kwamba muunganisho si salama. Na saa haikai: nikiirekebisha leo, umeme ukikatika usiku, asubuhi nakuta mwaka 2014.

Nilipompigia shemeji akaniletea flashi nyingine, yenye toleo la zamani la programu ya video, lenye kraki, yaani faili la kuifungua bila kulipa leseni. Akasema nizime kinga ya virusi kwanza. Mimi niliogopa, sikuizima. Programu ikaingia, lakini nikiifungua inasema kuna faili halipo. Nimeangalia ndani ya folda, kweli halipo.

Sasa kilichoniuma. Niliingia sehemu inayoeleza habari za kompyuta, nikakuta imeandikwa RAM ni GB 8, halafu pembeni kwamba inayotumika ni GB 3.24. Rafiki yangu mmoja anayejijua kwenye mambo haya akaniambia: "Hapo umepigwa. Kakuwekea mbovu, nzima kabaki nazo." Kwa hasira nikamwambia mke wangu, kaka yako ameniibia. Tangu siku hiyo chakula kinapakuliwa kimya. Mama mkwe amepiga simu kuuliza kuna nini. Shemeji mwenyewe sijamwambia neno, ila habari imemfika, maana hapokei tena simu zangu.

Nina harusi mbili za watu sijazikabidhi, na familia moja ni wakulima wa korosho walionilipa taslimu mara tu malipo ya mnada yalipoingia. Nifanye nini, Shangazi? Nimrudishie mashine nidai pesa yangu? Ninunue RAM nyingine? Au niichukue niende nayo Lindi kwa fundi mwingine, aipige Windows upya siku hiyo hiyo?

Mpiga video, Mikindani

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuunguliwa na kitendea kazi.

Nianze na hilo la wizi, maana ndilo linalowanyima watu usingizi hapo nyumbani. Shemeji yako hajakuibia RAM. Ushahidi umeniandikia mwenyewe bila kujua: kompyuta imesema GB 8 zipo, zinazotumika ni 3.24. Angebaki na kipande kimoja, ingesema nne basi, isingekuwa na habari yoyote ya nane. Na kipande kingekuwa kimekufa, mashine ingepiga milio wakati wa kuwaka, au isingekihesabu kabisa. RAM zipo mahali pake na zimehesabiwa. Inayoshindwa kuzitumia ni Windows, kwa sababu umepigiwa Windows ya biti 32.

Hapo ndipo sehemu kubwa ya barua yako inapofunguka, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo.

Windows huipa kila sehemu ya kumbukumbu anwani yake ili iweze kuifikia. Ile ya biti 32 ina anwani 4,294,967,296, ambazo ndizo GB 4 kamili, na kwenye Windows ya nyumbani haziongezeki hata ukichomeka RAM ya GB 16. Ndani ya hizo nne kuna fungu linalotengwa kwa ajili ya kadi ya picha na vifaa vingine vya kwenye mazabodi, ndiyo maana mtu hubakiwa na tatu na pointi. Wewe unaishi kwenye korosho, utanielewa: ghala lina magunia 8,000, karani kapewa daftari la mistari 4,000. Magunia yote yamo ghalani, ila ukimuuliza karani atakuhesabia nusu.

Sasa irudie programu yako ya video. Programu kubwa za kuhariri video za siku hizi hutengenezwa kwa biti 64 peke yake, kwa kuwa kazi hiyo inakula kumbukumbu nyingi. Windows ya biti 64 huzipokea programu za biti 32 bila shida. Ya biti 32 haiwezi kabisa kuipokea programu ya 64. Na ikiletewa, hutoa ujumbe ule ule ulioniandikia. Nusu ya pili ya ujumbe huo, kwamba utafute toleo linalofaa kompyuta yako, ndiyo yenye jibu, na watu wengi huiruka kwa sababu nusu ya kwanza imeshawakasirisha. Flashi yako ni nzima. Mashine yako ya zamani ilikuwa na Windows ya biti 64, hii mpya haina, na tofauti haionekani kwa macho: rangi ni zile zile, vitufe ni vile vile, hata jina ni lile lile, Windows 10. Mamlaka ya msimamizi hayasaidii hapo, na kupakua upya ni kuchoma bando.

Usiniamini kwa barua tu, hakikisha. Fungua ukurasa ule ule ulioonyesha RAM, shuka kwenye mstari wa aina ya mfumo. Nategemea utakuta namba mbili zinazopishana: 32 kwa mfumo wa uendeshaji, x64 kwa prosesa. Maana yake prosesa ina uwezo, Windows ndiyo imeupunguza. Prosesa haiwezi kuwa kikwazo, kwa sababu Core i5 zote ni za biti 64 tangu ya kwanza ilipotoka mwaka 2009, hata hiyo ya mtumba. Kipimo kingine ambacho huhitaji kusoma chochote: fungua diski C utazame folda. Windows ya biti 64 ina Program Files mbili, moja ikiwa na x86 mwishoni mwa jina. Ukiikuta moja peke yake, uko kwenye 32.

Ikitokea mstari ule unasema 64, basi hapo ndipo tutaanza kuzishuku RAM zenyewe au mpangilio wa mazabodi. Mikindani mko juu ya bahari, na upepo wa chumvi hula vidole vya shaba vya RAM na matundu yake. Dawa yake ni kuzima umeme kabisa, kuzichomoa, kuvisugua vidole vile taratibu kwa kifutio cha penseli na kuzirudisha mpaka zilie "ka". Lakini 3.24 ninaifahamu, nimeiona kwenye barua nyingi.

Kwa nini shemeji alifanya hivyo? Mafundi wengi hutembea na flashi moja waliyoiandaa zamani, wakati mashine za wateja zilikuwa na RAM ya GB 1 au 2. Kwa mashine hizo biti 32 ilikuwa na maana, kwani Windows yake ni nyepesi kidogo na inakubali kwenye mashine kuukuu yoyote. Flashi ikishazoeleka mkononi, inachomekwa kwa kila anayekuja. Ni uzembe, ndiyo, na nitamsema: fundi aliyeuza RAM ya GB 8 kwa mtu wa video alipaswa kuutazama ule mstari kabla ya kufunga kasha. Uzembe huo unarekebishika kwa jioni moja bila kununua kitu kikubwa. Tuhuma uliyoitoa mbele ya dada yake itachukua muda zaidi, nitaifikia.

Kwa hiyo RAM usinunue. Pesa usidai, maana vifaa ulivyolipia unavyo. Na Lindi usiende, angalau si kwa haraka uliyonayo. Sikatai kwamba wako mafundi wazuri huko. Ninachoogopa ni mashine kubebwa karibu kilomita 100 ikiwa na harusi za watu ndani, ikakabidhiwa kwa mtu asiyejua ipi ni diski ya Windows na ipi ni ya kazi, naye ameambiwa "piga upya leo leo". Kutoka biti 32 kwenda 64 hakuna njia ya kupandisha daraja. Windows ya sasa inafutwa, mpya inawekwa juu ya diski tupu. Kwenye hatua hiyo, kidole kimoja kikiangukia diski isiyo yake, bibi harusi wawili hawana video.

Kabla ya Windows, tengeneza saa, kwa sababu usipoitengeneza hata hiyo Windows mpya hutaweza kuipakua. Kwenye mazabodi kuna betri ya mviringo mfano wa sarafu, inaitwa CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayoshikilia saa na mipangilio ya mashine umeme ukiwa haupo. Mazabodi za mtumba hukaa ghalani muda mrefu, betri hufia humo, na kila umeme ukikatika mashine hurudi kwenye tarehe iliyozaliwa nayo. Tovuti na seva hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba tuko 2014 ikipewa cheti cha mwaka huu hukiona bado hakijaanza kutumika, hukikataa, nawe unaambiwa muunganisho si salama au seva haifikiki. Ile programu yako ya kadi inagomea hapo hapo. Betri hizo zinauzwa kwa mafundi saa na kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Taja namba, CR2032, kwa sababu zipo nyembamba zaidi zenye umbo hilo hilo na hazishiki vizuri. Ukishaibadilisha, rekebisha tarehe, kisha uijaribu programu ya kadi. Ikikubali kuingia, usihangaike nayo zaidi kwa leo, kwa kuwa Windows itafutwa nayo itafutika. Umepata uhakika kwamba haina ugonjwa mwingine, hilo linatosha.

Sasa Windows. Utahitaji flashi ya GB 8 au zaidi ambayo haina kitu unachokipenda, maana itafutwa. Microsoft wana chombo chao cha bure cha kuiandaa, na cha Windows 10 huuliza unataka 32, 64 au zote mbili. Chagua 64. Mzigo wenyewe ni GB kadhaa, kwa hiyo tafuta mahali penye intaneti isiyopimwa kwa bando, au shemeji aiandae kwake. Leseni haichagui biti: iliyofaa Windows 10 ya 32 inafaa ya 64 ya toleo lile lile. Na mara nyingine mazabodi ya mtumba huja na leseni yake, kwa kuwa leseni nyingi za kidijitali hufungamana na mazabodi. Ukiweka toleo lililokuwapo zamani, Windows inajitambua yenyewe ikifika mtandaoni.

Utaniuliza kuhusu Windows 11. Hiyo haina biti 32 kabisa, kwa hiyo kosa hili lisingetokea. Ila inadai TPM 2.0, yaani kipengele cha usalama cha kwenye mashine, na kwa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kuendelea. Tazama namba inayofuata i5 kwenye ukurasa ule ule: ikiwa i5-4 na tarakimu nyingine tatu, ni kizazi cha nne, haumo, i5-8 na kuendelea, umo. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Bado inafanya kazi, na programu yako itaingia, lakini mashine ya namna hiyo mimi nisingeifanyia miamala ya benki. Kama prosesa inaruhusu, nenda 11 moja kwa moja na uokoe safari ya pili.

Siku ya kazi yenyewe, anza na diski ya zamani. Nakili harusi zote kwenye diski ya nje, hata ya kuazima, ukitumia tundu la USB la bluu kama lipo, ni la kasi zaidi. Fungua video mbili tatu kutoka kwenye ile nakala uhakikishe zinacheza. Kisha zima mashine, chomoa waya wa ukutani, fungua ubavu wa kasha na uchomoe waya wa data unaokwenda kwenye diski ya zamani. Usiseme "nitakuwa makini". Ichomoe. Kwenye ukurasa wa kuchagua pa kuweka Windows itabaki diski moja tu, SSD yako, na itaonekana kama GB 223 na ushee. Hilo nalo lisikupe wazo la wizi! Wenye kiwanda huhesabu GB kwa elfu elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na 240 za dukani ndizo hizo 223. Futa sehemu zote za hiyo SSD, uiache tupu, endelea.

Jambo moja huwakwamisha wengi hapa: flashi ya biti 64 haianzi kwa kuibofya ukiwa ndani ya Windows ya sasa. Itakupa ujumbe ule ule wa kugoma, nawe utadhani flashi ni mbovu. Lazima mashine iwake kutoka kwenye flashi, kwa kubonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia mara tu inapowaka. Kwenye mazabodi nyingi ni F12, nyingine F9 au F11, na kwa kawaida hujitaja yenyewe chini ya skrini.

Ikishakaa, tazama tena zile folda mbili na RAM. Usitegemee nane kamili, maana kadi ya picha ya ndani huchukua chake, ila utaikaribia. Halafu, kabla ya programu yoyote, weka draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuendesha vifaa, za mazabodi na za kadi ya picha. Programu za video huitegemea sana kadi ya picha, na zikiikuta inaendeshwa na draiva ya dharura ya Windows, ama hukataa kufunguka ama huzima katikati ya kazi. Baada ya draiva ndipo programu ya video, kisha ile ya kadi. Diski ya zamani irudishe mwisho, mashine ikiwa imezimwa. Windows ikikuuliza kuhusu ruhusa ya kuingia kwenye folda zako, kubali. Ikikuuliza kama unataka kuiumbiza (format) diski hiyo, yaani kuifuta yote, kataa, funga, usiguse tena mpaka mtu anayejua aitazame.

Kizuizi kitakachofuata nakitaja sasa ili kisikushtue. Kama programu yako ya video ulinunua leseni, inaweza kusema leseni imeshatumika kwenye kompyuta nyingine. Kwake, mazabodi mpya ni kompyuta mpya. Ingia kwenye akaunti uliyonunulia, iondoe mashine ya zamani kwenye orodha, uisajili hii. Ikishindikana, waandikie wenye programu uwaeleze kwamba mazabodi imeungua. Ni jambo wanalolisikia kila siku.

Na kama hukuinunua, tuzungumze kuhusu ile flashi ya kraki. Lile faili halipo kwa sababu kinga ya virusi imeliondoa. Faili la kraki kazi yake ni kuidanganya programu, na ndani yake mara nyingi husafirisha jambo jingine ambalo hukuliomba. Kutoizima kinga ulifanya vizuri sana. Mashine yako inashika picha za ndani za familia za watu, za unyago zikiwemo, ambazo hazipaswi kuonekana na kila mtu. Usiifungulie mlango ili uokoe ada. DaVinci Resolve, kwa mfano, ina toleo la bure linalotosha kabisa kwa kazi za harusi, ingawa kwa RAM ya GB 8 utaiona inavuta miguu. Shotcut na Kdenlive ni nyepesi zaidi na ni za bure kwa haki. Zitakuchukua muda kuzizoea, lakini hazitakuaibisha mbele ya mteja.

Printa au skana ya zamani nayo, kama unayo, itafutie draiva ya biti 64 mapema. Draiva za 32 haziingii kwenye Windows ya 64, na hapo hakuna mazungumzo.

Halafu huo umeme. Mazabodi ya kwanza imekufa kwa umeme unaorudi kwa kishindo, na ya pili umeichomeka ukutani vile vile. Pesa uliyotaka kununulia RAM nunua stebilaiza nzuri, au UPS ukiweza, ile yenye betri ya akiba, ambayo itakupa na dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Tuje nyumbani. Wa kwanza kuzungumza naye ni mke wako, kabla ya shemeji. Mwonyeshe ule mstari kwenye skrini, mweleze kama nilivyokueleza hapa, halafu useme kwa mdomo wako: kaka yako hakuniibia, nilisema vibaya. Usiongeze "lakini naye alikosea", hata kama alikosea. Hiyo ni habari ya mezani kwa fundi, si ya jikoni. Mama mkwe mwache apigiwe na binti yake, habari ya kusafishwa kwa mwanawe ataipokea vizuri zaidi ikitoka kwake.

Kwa shemeji nenda mwenyewe mpaka mjini, asubuhi kabla wateja hawajajaa mezani kwake. Mashine iache nyumbani siku hiyo, nenda na picha ya skrini kwenye simu. Omba radhi kwanza, fupi, kisha mwonyeshe picha na umwambie kazi yako inataka biti 64, mnapanga lini? Fundi yeyote akiuona huo mstari anaelewa bila kufundishwa, na wewe usimfundishe. Kazi ya kupiga upya aifanye bila malipo, hilo ni haki yako na nadhani atalisema yeye kabla yako. Betri lipia wewe. Mwambie afike Mikindani, kazi ifanyike kwako mbele ya macho yako, na huo waya wa diski ya zamani uuchomoe kwa mkono wako. Mashemeji mna utani wenu, mtajua wenyewe mahali pa kuutia. Ila siku hiyo asubiri yeye auanze.

Yule rafiki yako aliyesema umepigwa, siku nyingine akikupa jibu la haraka namna ile mwombe akuonyeshe amelisoma wapi.

Wateja wako wawili wapigie simu leo, usisubiri wakupigie. Waambie video zao ni salama, mashine inatengenezwa, na uwape tarehe. Hesabu siku unazodhani zitatosha, kisha ongeza wiki nzima juu yake, maana kunakili diski, kupiga Windows, kusaka draiva na kusajili leseni upya havijawahi kuisha siku moja, hata shemeji akiwa na furaha.

Shangazi